Kongwe kwenye muhogo: usilikatekate, usilifukie

Weka jembe chini kwanza! Umeandika kwamba konde lako la muhogo huko Wete limejaa kijimea cha maua ya buluu, na kesho unaleta vibarua waje kukikatakata na kukifukia kwenye matuta kiwe mbolea. Ndugu yangu, hilo ni gugu liitwalo kongwe. Kila kipande chenye kifundo kikibaki kwenye udongo mbichi kinatoa mizizi. Hutakuwa umepalilia, utakuwa umelipanda.

Mimi muuza dawa mmoja aliniuzia dawa ya magugu yenye glaifosati, akaapa kwamba halitabaki jani. Nikapuliza kati ya matuta. Upepo wa kusi ukaisukuma kwenye mazao: majimbi yakageuka manjano yakafa, muhogo ukajikunja majani, na kongwe likanyauka kidogo kisha likachipua upya. Narudi dukani, ananiambia niongeze kipimo! Wallahi yule mtu alikula pesa ya mkulima bila kujua anachouza. Kongwe linaivumilia dawa hiyo. Hata Marekani limewatesa wakulima wa pamba wa Georgia kwa sababu hiyo hiyo. Chakula cha nyumbani cha msimu mzima kikapotea, nikawa nanunua muhogo sokoni ilhali konde ninalo. Mpaka leo sijamsamehe.

Yale maua ya buluu yanayofunguka asubuhi na kufumba mchana yasikushughulishe sana. Chimbua shina moja utazame: chini ya udongo kuna vishina vyeupe vyenye maua yasiyofunguka kabisa, na hayo nayo yanazaa mbegu. Ukifyeka juu, ghala lake umeliacha chini.

Lichimbue likiwa changa, kabla halijachanua, siku ya jua. Kung'uta udongo, kusanya, toa nje ya konde. Wape mbuzi au ng'ombe, wanalila vizuri. Kama hufugi, lianike juu ya bati mpaka likauke kabisa. Usilitupe mpakani, litarudi.

Na hao vibarua, ukiwalipa kwa tuta wataliacha hapo hapo ili wamalize upesi. Patana nao mapema kwamba tuta halihesabiwi mpaka kongwe lake liwe limeshatoka nje.