Jibu: Bakteria na udongo uliolowa oili ya gari

Buda, umeuliza kama bakteria wanaweza safisha hiyo ploti ya Kariobangi iliyokuwa gereji ndio upande sukuma wiki. Kwa oili inawezekana, wanaila kama chakula, na usinunue bakteria wa chupa, wako tayari hapo kwa udongo, shida ni wamekosa hewa na mbolea, oili ina kaboni tele lakini naitrojeni na fosforasi karibu hakuna. Kule Alaska meli ya Exxon Valdez ilipomwaga mafuta 1989 walinyunyiza mbolea ufuoni na bakteria wa hapo hapo wakaongeza spidi. Wewe chimbua ile safu nyeusi, vunja mabonge, changanya na samadi iliyoiva, uwe unapindua mara kwa mara na kumwagia maji kiasi, yakizidi hewa inaisha na kazi inalala. Itachukua miezi, si wiki.

Lakini tafadhali kabla hata ya kushika jembe pima madini ya risasi (lead). Gereji huwa na betri za zamani, na risasi hakuna bakteria anaivunja, inabaki tu, na inaharibu ubongo wa watoto. Peleka sampuli maabara kwanza, ikipatikana hapo hiyo sukuma panda kwa magunia na udongo wa kwingine.