Kamba iliyo kwenye picha

Mwanangu Rehema,

Marahaba. Ujumbe wako nimeupata, na ile picha uliyoikuta kwenye sanduku la marehemu mama yako nimeiangalia mpaka macho yameniuma. Unauliza kundi letu la skauti pale Mjimwema, Kigamboni, lilianzaje, mbona wavulana saba tuna skafu moja, na ile kamba tuliyoishika ni ya nini. Unasema pia Idi amekuja na fomu ya skauti kutoka shuleni, na baba yake anaona hayo ni mambo ya Wazungu.

Nimjibu mkwe wangu kwanza. Ni kweli Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti, alikuwa jenerali wa Kiingereza. Mwaka 1907 alipiga kambi na wavulana wapatao 20 kwenye kisiwa cha Brownsea huko Uingereza, skauti ikaanzia hapo. Zanzibar ilifika 1912, Tanganyika 1917. Mwenyewe alifia Nyeri, Kenya, mwaka 1941, na kaburi lake liko huko huko. Lakini Mjimwema hatukuletewa na Mzungu. Tuliletewa na mwalimu wetu wa jiografia, kijana wa bara aliyevuka na pantoni akiwa na begi moja, na ndani ya begi ile skafu.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya 80. Vita vya Kagera vimekwisha, madukani hakuna kitu. Sabuni ni ya foleni, kitambaa cha kaki ndiyo usiseme. Tukavaa kaptura zetu za shule, na skafu tukaipokezana: aliyefunga mafundo vizuri Jumamosi hii ndiye anayeivaa mpaka Jumamosi ijayo. Mimi niliivaa mara mbili tu.

Kilichotaka kutuvunja ni salamu. Skauti hupeana mkono wa kushoto, na wewe unajua kwetu mkono wa kushoto ni wa nini. Mwenzetu mmoja alimpa babu yake mkono huo mbele ya msikiti. Jioni ile ile wazee wakamwita mwalimu barazani. Alikwenda, akaketi chini mkekani, akawaeleza kwa adabu: husimuliwa kwamba mashujaa wa Ashanti, huko Ghana, walikuwa wakiweka ngao chini ili watoe mkono wa kushoto, kumwonyesha mwenzao kuwa wanamwamini. Wazee wakamsikiliza, wakakata shauri: kushoto iwe baina yetu wenyewe, mtu mzima apewe kulia na shikamoo yake. Hivyo ndivyo tulivyoishi, na mimi naona walihukumu vizuri.

Sasa kamba. Jirani yetu mmoja, mvuvi wa ngalawa, alituazima kamba yake ya nanga, ya usumba, yaani nyuzi za makumbi ya nazi, tujifunzie mafundo. Tukaenda nayo kambini ufukweni, usiku mmoja tu. Zamu ya alfajiri ilikuwa yangu. Kamba niliifunga kwenye kisiki, lakini badala ya kulia juu ya kushoto kisha kushoto juu ya kulia, nilirudia kulia mara mbili. Fundo la hivyo halishiki vizuri, likivutwa linaweza kuteleza. Halafu nikalala. Ilikuwa bamvua, mwanangu. Maji yalipanda mpaka kwenye majani, na kulipokucha kisiki kilikuwa kitupu.

Kamba ya nanga wakati ule hununui. Mvuvi bila nanga hatoki. Nilikwenda kumwambia mwenyewe, mwalimu kasimama nyuma yangu hasemi neno. Mzee hakunipiga. Aliuliza tu, "Na mimi nitakula nini?"

Bibi yako ndiye aliyetuokoa. Alikuwa na makumbi aliyoyafukia miezi mingi kwenye tope la pwani, akatuambia tukayafukue. Harufu yake siwezi kukueleza, ilikaa kwenye nywele siku tatu. Tukayaponda kwa magongo juu ya gogo mpaka nyama ya kumbi ikatoka na nyuzi zikabaki, tukazisuuza baharini, tukazianika. Kisha bibi akatuketisha uani kutufundisha kusokota: unaweka nyuzi pajani, unazisukuma kwa kiganja, unaongeza nyingine kabla ya zile za kwanza hazijaisha. Usumba unakwangua. Mapaja yetu yalitoka vidonda, tukawa tunapaka mafuta ya nazi na kuendelea. Wote saba, Rehema. Kosa lilikuwa langu peke yangu, wala hakuna aliyenikumbusha hata mara moja.

Siku tuliyompelekea mzee, aliikanyaga ncha moja, akaivuta kwa nguvu zake zote, akaiviringisha begani bila kusema kitu, akatoka nayo baharini. Kesho yake alituletea changu wa kuchoma. Tangu hapo, kukiwa na harusi au msiba, kijiji kilituita tuchote maji na kupanga mikeka.

Picha ilipigwa wiki hiyo, na mpiga picha aliyevuka kutoka Magogoni kwa ajili ya harusi. Mzee aliirudisha kamba kwa dakika tano ili tuishike. Aliyevaa skafu ni yule aliyesokota kipande kirefu kuliko wote.

Fomu ya Idi msaini. Mlete Jumamosi na mapema, maji yakiwa yamekupwa. Nimebakiwa na pima mbili za usumba, atafungia kwenye mguu wa kitanda changu mpaka aweze.

Baba yako