Maswali ya Wasomaji: Kupatana Bei ya Bima ya Gari Wakati wa Kuihuisha

SWALI: Ndugu Mhariri, nina Toyota Fielder ambayo naitumia kwa shughuli zangu za hapa mjini na, mara moja moja, kwa safari za mashambani. Nimeikatia bima kamili katika kampuni ile ile kwa miaka mitano na sijawahi kudai fidia hata shilingi moja. Thamani iliyoandikwa katika mkataba ni shilingi 1,100,000, na mwaka jana nilitozwa asilimia 4, yaani 44,000. Mwaka huu wakala wangu ameniletea notisi ya asilimia 5, yaani 55,000, kabla ya tozo za serikali, akaniambia kwamba bei zimepanda kila mahali na kwamba hakuna la kujadili. Mwanangu aishiye Uingereza anashangaa, kwa maana anasema huko kampuni hairuhusiwi kumtoza mteja wa zamani zaidi ya mteja mpya. Je, ipo nafasi ya kupatana, na nianzie wapi? *Mwalimu Mstaafu, Buruburu*

JIBU: Shikamoo Mwalimu. Nafasi ipo, tena kubwa kuliko wakala wako anavyokiri, ila haipo mahali ambapo watu wengi huitafuta.

Mwanao amesema kweli kuhusu Uingereza. Tangu Januari 2022 mamlaka ya huko inayosimamia huduma za fedha imezizuia kampuni za bima za magari na za nyumba kumpa mteja anayehuisha mkataba bei iliyo juu ya ile ambayo angepewa kama angekuja leo kwa mara ya kwanza. Kanuni hiyo ni ya huko na haituhusu sisi. Hapa Nairobi mteja asiyeuliza hulipa alichoandikiwa, na ni jambo la kustaajabisha kwamba watu wawezao kuvutana bei ya viatu Gikomba mpaka muuzaji achoke hulipa maelfu ya bima bila kutia neno.

Usianze na asilimia, Mwalimu. Anza na thamani ya gari. Umeandika kwamba mkataba unataja 1,100,000, na kwa jinsi ulivyoeleza nahisi kwamba tarakimu hiyo imenakiliwa mwaka baada ya mwaka pasipo mtu yeyote kulitazama gari lenyewe. Omba barua ya kulipeleka gari kwa mthamini aliyeidhinishwa na kampuni, gharama ambayo kwa kawaida hubebwa na kampuni yenyewe, kisha uone atasema nini. Tuchukulie, kwa mfano tu, kwamba mthamini anasema 850,000. Hata ukikubali asilimia 5 ile ile wanayotaka, ada yako inashuka hadi 42,500, yaani pungufu kwa shilingi 12,500, ilhali ungepambana na wakala hadi arudi kwenye asilimia 4 kwa thamani ya zamani ungeokoa 11,000 tu. Ukifaulu katika yote mawili, utalipa 34,000. Wala usidhani kwamba kulipia thamani ya juu kutakufaa gari likiibwa au likiharibika kabisa, kwa sababu kampuni hulipa bei ya gari sokoni siku ya hasara, hata kama mkataba umeandikwa tarakimu nono zaidi.

Hata hivyo mthamini anaweza kukushangaza. Shilingi ilipodhoofika hadi kufikia kama 160 kwa dola mwanzoni mwa 2024, magari yanayoagizwa kutoka Japani yalipanda bei, na yale yaliyokuwa tayari barabarani yakapanda pamoja nayo. Ikiwa gari lako lina thamani kubwa kuliko uliyoidhani, usishawishike kuandikisha ndogo ili ada ishuke. Gari la 1,000,000 likikatiwa bima ya 800,000, kampuni ina haki ya kukuhesabia kana kwamba wewe mwenyewe umeibeba ile sehemu moja ya tano iliyobaki. Ukigongwa na matengenezo yakawa 200,000, utapewa 160,000, na humo humo bado utakatwa kile kiasi ambacho kila mwenye gari hujilipia mwenyewe katika kila ajali.

Sasa tuje kwenye asilimia. Wakala hakukudanganya aliposema bei zimepanda, maana bima ya magari imekuwa ikizipa kampuni nyingi hasara kwa miaka mingi, kutokana na madai ya uongo, vipuri vya bei ghali na fidia zinazoamuliwa mahakamani, na kampuni zikichoka hupandisha bei kwa wateja wote kwa mkupuo. Palipo na kosa ni pale alipokuambia hakuna la kujadili. Nyongeza ya jumla huandikwa bila kumtazama mteja mmoja mmoja, na mtu aliyekaa miaka mitano bila kudai ndiye hasa ambaye kampuni haipendi kumpoteza. Tatizo ni kwamba wakala hana mamlaka ya kulipunguza lile lililoandikwa. Kamisheni yake katika bima ya gari ni takriban asilimia 10 ya ada, na hata angetaka kukuonea huruma, hana kitu cha maana cha kutoa humo. Mwenye uwezo ni afisa aliye ndani ya kampuni anayepima hatari na kupanga bei. Mwombe wakala akuandikie barua kwa afisa huyo, au iandike wewe mwenyewe, na ndani yake udai mambo mawili: barua rasmi inayothibitisha kwamba hujadai fidia kwa miaka mitano, na bei mpya inayozingatia ukweli huo. Barua hiyo ya uthibitisho itakufaa hata ukihama, kwa sababu rekodi njema ni mali yako, si ya kampuni wala ya wakala.

Wakati huo huo tafuta bei za maandishi kutoka kwa kampuni mbili au tatu nyingine. Zipo zaidi ya 30 zilizopewa leseni ya bima za kawaida, na dalali mmoja mzuri wa bima anaweza kukukusanyia bei kadhaa kwa siku moja. Ukisha kuwa nazo, sema kwa upole na kwa ufupi, mathalani: "Nimepewa asilimia 3.75 kwingine kwa masharti haya haya. Ningependa kubaki nanyi mkiweza kuifikia." Usitaje bei ambayo huna karatasi yake. Maafisa hawa huzijua bei za wenzao, na uongo mdogo hukuondolea heshima uliyokuwa nayo.

Nimesema "kwa masharti haya haya" kwa makusudi, kwa kuwa hapa ndipo wateja wengi huponea chupuchupu au huangamia. Kampuni ikitaka kukuridhisha bila kuumia, hushusha ada kwa mkono mmoja na kuondoa kinga kwa mkono wa pili. Angalia kiasi utakachojilipia ukipata ajali; mara nyingi ni asilimia 2.5 ya thamani ya gari, pamoja na kiwango cha chini kisichopungua, na kwa gari la 850,000 hiyo ni 21,250 kutoka mfukoni mwako kila ajali. Zipo kampuni zinazokuondolea mzigo huo kwa malipo madogo ya ziada, na kwa mtu anayeendesha kila siku katika msongamano wa Jogoo Road ningeona ni pesa zilizotumika vizuri. Angalia pia wizi. Katika mikataba mingi, gari lisilo na kifaa cha kulifuatilia likiibwa mwenyewe hubeba asilimia 20 ya thamani, na lililo nacho asilimia 10. Kwa gari la 850,000 tofauti hiyo ni kati ya 170,000 na 85,000, kwa hiyo ikiwa tayari umefunga kifaa hicho na mkataba hausemi, hilo peke yake ni jambo la kulipigania.

Uliza kuhusu mafuriko na kuhusu ghasia. Yaliyotokea Nairobi Aprili na Mei 2024, magari yakizama katika maegesho na barabarani, yaliwafunza wengi kuisoma sehemu ya mkataba ambayo hawakuwahi kuifungua. Na maandamano ya Juni mwaka huo huo yalionyesha kwamba gari linaloteketezwa katika vurugu za kisiasa halilipwi na bima kamili ya kawaida, isipokuwa mwenyewe amelipia kinga ya ghasia za kisiasa na ugaidi, ambayo huuzwa kando. Ukipewa bei ya chini, uliza kwanza kama hiyo imo. Kioo cha mbele na redio vina vikomo vyake. Hivyo vitazame tu kwa haraka.

Kuna sehemu ya hesabu ambayo hutaipunguza hata ukikesha. Tozo ya mafunzo ni asilimia 0.2 ya ada, mchango wa mfuko wa kuwafidia wenye mikataba ni asilimia 0.25, na ushuru wa stempu ni shilingi 40. Kwa ada ya 42,500 hizo zote hazifiki 240, basi ziache. Ila kila mstari mwingine ulioongezwa chini ya notisi uutake ufafanuzi. Ile kodi ya magari ya asilimia 2.5, ambayo kampuni za bima zingekusanya kwa niaba ya serikali, ilipendekezwa katika Mswada wa Fedha wa 2024 na haikuwahi kuwa sheria.

Mwisho ni suala la muda. Sheria ya Bima inaikataza kampuni kuibeba hatari kabla ya kupokea ada, hivyo hakuna siku za kungojewa baada ya cheti kuisha, na kuendesha bila kinga ya watu wengine barabarani ni kosa chini ya Sura ya 405 ya Sheria za Kenya, ile inayohusu kinga hiyo. Anayeanza kupatana akiwa amebakiza siku mbili huonekana usoni kwamba atalipa chochote. Anza mwezi mmoja kabla. Na bei ya chini kupita kiasi iogope: Aprili 2022 Mamlaka ya Kudhibiti Bima, IRA, iliiweka Resolution Insurance chini ya usimamizi wa kisheria, na wateja waliokwisha kulipa wakaachwa wakitafuta kinga upya. Kabla ya kutuma pesa, hakikisha kampuni ina leseni ya mwaka huu, lipa kwa nambari ya malipo ya kampuni yenyewe badala ya simu ya wakala, na ukihakiki cheti chako cha kidijitali katika mfumo wa chama cha kampuni za bima, AKI, uone kweli nambari ya gari lako imo.

SWALI: Gari langu nililinunua kwa mkopo wa benki, na kila mwaka benki hunikatia bima yenyewe na kuiongeza katika deni langu. Naona ni ghali. Je, naruhusiwa kujitafutia? *Mama Pendo, Kahawa West*

JIBU: Mama Pendo, soma mkataba wako wa mkopo kabla ya kuzungumza na yeyote. Kwa kawaida benki hutaka mambo matatu tu: bima iwe kamili, kampuni iwe miongoni mwa zile inazozikubali, na jina la benki liandikwe katika mkataba kwamba ina maslahi katika gari. Ukiyatimiza hayo na mkataba haukukatazi, wapelekee kabla ya tarehe ya kuhuisha, kwa maandishi, maana wakishalipa kwa niaba yako huwa vigumu kurudisha. Kumbuka pia kwamba ada iliyotiwa ndani ya mkopo inatozwa riba kama deni lingine lolote, kwa hiyo bei mbili zinazofanana kwenye karatasi hazifanani mfukoni.

SWALI: Mimi hutumia gari langu kama teksi ya programu za simu Ijumaa na Jumamosi usiku pekee. Bima ya teksi ni ghali mno. Rafiki ameniambia nihuishe kama gari la binafsi, kwani siku tano kati ya saba ni la binafsi kweli. Mnasemaje? *Kijana wa Roysambu*

JIBU: La hasha, kijana wetu. Hapo hutakuwa umepata bei nafuu. Utakuwa umenunua karatasi. Mkataba wa gari la binafsi unataja matumizi yake, na kubeba abiria kwa malipo hakumo. Ukipata ajali Jumamosi usiku ukiwa na abiria, kampuni itauliza safari ilikuwa ya nini, na rekodi ya safari hiyo ipo katika programu uliyoitumia. Kampuni inaweza kukataa kulitengeneza gari lako, na hata pale sheria inapoilazimisha kumlipa aliyeumia, inaweza kukugeukia wewe irejeshewe pesa zake.

Lililo halali ni kuieleza kampuni matumizi yako yote mawili na kuomba bei yake. Usikubali jibu la kampuni ya kwanza, maana katika bima ya teksi bei hutofautiana sana, na baadhi ya kampuni hukubali kulipwa mwezi kwa mwezi. Uliza pia kama mkataba unawakinga abiria wenyewe, kwa kuwa hilo huhesabiwa kwa kila kiti na mara nyingi husahauliwa katika bei ya kwanza unayotajiwa kwa simu.