Panga faili lako kabla tangazo halijatoka

Kila majina ya walioitwa kwenye usaili wa ajira za serikali yanapotoka, wadogo zangu mnaanza mbio zilezile. Huyu anasaka wakili usiku, yule anafukuzia RITA (wanaotoa vyeti vya kuzaliwa), mwingine ndiyo kwanza anakumbuka cheti cha fomu foo hajawahi kukichukua shuleni. Jamani, sifa mnazo. Mnaangushwa na makaratasi, na inaniuma kwa sababu haya yanarekebishika mkiwa mmetulia nyumbani.

1. Majina. Hapa ndipo wengi wanapolia. Toa cheti cha kuzaliwa, cha kidato cha nne, cha chuo na kitambulisho cha taifa cha NIDA, vipange mezani, usome herufi kwa herufi. Utashangaa. Cheti cha fomu foo kinasema Asha J. Salum, cha kuzaliwa Asha Juma Salumu, NIDA Asha Salum Juma. Kwako wewe ni mtu yuleyule, ila kwa mhakiki ni watu watatu. Chanzo chake ni cha kawaida kabisa: mwalimu aliandika alivyosikia, shule ikapeleka NECTA (baraza la mitihani) jina hilohilo, chuo kikanakili, halafu kwenye fomu ya NIDA ukajaza majina kwa mpangilio mwingine. Miaka inapita bila anayeuliza, mpaka siku umejilipia nauli na malazi hadi kwenye usaili (gharama hizo ni zako), ukafika meza ya uhakiki ukaambiwa majina hayaoani. Hapo hakuna kubembeleza.

Fanya hivi: chukua cheti cha kidato cha nne kama msingi, kwa sababu ndicho kigumu kuliko vyote kukibadilisha, kisha vingine vikifuate. Kosa la NIDA lipeleke ofisi yao ya wilaya. Tofauti ikibaki, tengeneza hati ya kubadili jina kwa wakili na uisajili kwa Msajili wa Hati. Wengi wanaishia kwenye kiapo cha wakili tu, wanaiacha hatua ya usajili, na tangazo linataka iliyosajiliwa. Tazama na tarehe: tarakimu 8 za mwanzo za namba ya NIDA ni mwaka, mwezi na siku yako ya kuzaliwa. Zisipolingana na cheti cha RITA, kosa limo ndani ya namba yenyewe, kwa hiyo lishughulikie mapema kuliko yote.

2. Vyeti. Hati ya matokeo ya fomu foo na fomu siksi haikubaliwi, wala matokeo ya muda ya chuo. Kafuate cheti chenyewe. Umesoma nje? Ithibati ya cheti chako kutoka TCU (vyuo vikuu), NACTVET (vyuo vya ufundi) au NECTA (sekondari) ianze kushughulikiwa leo, maana tangazo kwa kawaida halikai zaidi ya wiki mbili.

3. Skani. Wakili agonge muhuri kwanza, ndipo uskani. Vijana wanaskani cheti halisi, wanapandisha kwenye mfumo wa maombi, wanasahau kwamba kilichotakiwa ni nakala iliyothibitishwa. Picha ya simu yenye kivuli cha kidole chako haifai. Kila cheti kiwe PDF yake, yenye jina linaloeleweka.

4. Barua ya maombi. Isainiwe! Anwani inakili ilivyo mwishoni mwa tangazo, usitumie ya barua ya mwaka jana.

5. Mliomo serikalini. Kama uko kwenye nafasi ya kuingilia (cheo cha kuanzia kazi), usiombe nafasi nyingine ya kuingilia. Waraka wa serikali wa tarehe 30 Novemba 2010 unakataza. Umesoma ukapata sifa za kada nyingine? Barua ipite kwa mwajiri, na ofisi nyingine huchukua siku kadhaa kuipitisha, kwa hiyo ipeleke siku uliyoona tangazo.

6. CV. Wadhamini watatu, wenye simu zinazopokelewa. Wapigie kabla ya kuwaandika, maana mhadhiri aliyekufundisha miaka sita iliyopita huenda amebadilisha namba, au hakukumbuki kabisa. Mkumbushe mwaka na somo.

7. Bodi za taaluma. Wahandisi, wahasibu, wagavi, wauguzi: kwenye usaili mnatakiwa kubeba cheti halisi cha usajili, na leseni kwa kada zinazoihitaji. Angalieni tarehe ya kuisha leo hii, mkalipe ada.