Ukienda Fushimi Inari, panda treni ya kila kituo

Msomaji mmoja ameniandikia kutoka Doha. Mwezi ujao atakuwa na nusu siku Kyoto, Japani, anataka kuyaona yale malango mekundu ya hekalu la Fushimi Inari, na wenzake wanamshauri akodi teksi. Dada yangu, achana na teksi.

Mimi nilikwenda Kyoto na watu walionizidi pesa. Niliposema nitapanda treni asubuhi na mapema, mmoja aliniambia mbele ya wote kwamba treni ni za wasiojiweza. Neno lile linaniuma mpaka leo. Nikaenda peke yangu. Kituo cha Inari ni cha pili ukitoka kituo cha Kyoto kwa reli ya Nara, kama dakika tano tu. Nikapanda mlimani maduka yakiwa bado yamefungwa. Wenzangu walifika karibu na adhuhuri, wakakuta watu wamebanana. Asubuhi ile najivunia, na sioni haya kusema.

Ila angalia treni unayopanda. Ile ya haraka, Miyakoji, husimama kituo cha kwanza, Tofukuji, kisha hupita Inari moja kwa moja. Panda inayosimama kila kituo.

Ukishuka usikimbilie nje. Kituo ni kidogo, nguzo zake zimepakwa rangi nyekundu kama ya hekalu, lakini kilifunguliwa mwaka 1879, na hadi 1921 reli kuu ya Tokaido, ile ya kutoka Tokyo, ilipita hapo. Kijumba cha matofali mekundu kilichotunzia taa za mafuta bado kipo. Wengi hukipita bila kukitazama, nami hilo linanisikitisha.

Ukitoka tu, lango kubwa liko mbele yako. Inari ni mungu wa mpunga na biashara, mbweha ni wajumbe wake. Malango mengi yametolewa na wafanyabiashara, na majina yao yako upande wa nyuma. Utayaona vizuri ukishuka. Sisi tunaohangaika na biashara zetu tuna la kujifunza pale: watu wale hushukuru hadharani. Nasi tushukuru, tuache kudharau wanaohesabu nauli.

Mlima una mita 233. Ukichoka, ishia Yotsutsuji, njia panda iliyo kabla ya kilele, uutazame mji kutoka juu. Nenda mapema, narudia, mapema. Na kama nusu siku yako inaanza mchana, dada, subiri jioni: hekalu halifungwi usiku wala halina kiingilio.