Ekzosi mbili kwenye gari iliyoshushwa: nani kasema bomba lisicheze?

SWALI: Assalaam alaykum fundi. Nina Mark X ya lita 2.5, nimeishusha springi. Nataka mabomba mawili kamili kutoka injini mpaka nyuma, inchi tatu kila moja. Fundi wa mwanzo aliyachomelea kwenye bodi ili yasigonge, mwezi haujesha yamepasuka. Niyapitishe wapi? – Msomaji, Chake Chake

JIBU: Wa alaykum salaam. Suala la njia nalimaliza upesi, maana ugonjwa wako haupo hapo.

Injini yako ni V6, silinda tatu kila upande, kwa hivyo mabomba mawili yana maana. Wenye silinda nne wanaogawa bomba moja kule nyuma wanapamba bampa tu. Lakini inchi tatu achana nazo. Mabomba mawili ya inchi mbili na robo, ukiyajumlisha, yanapitisha moshi mwingi kuliko bomba moja la inchi tatu, na injini yako haitaki zaidi ya hapo. Hiyo robo tatu ya inchi chini ya gari utaishukuru siku unayoipandisha melini. Yapitishe ubavuni mwa propela, ile shafti ndefu iendayo nyuma, na nyuma yapite juu ya mikono inayoshika magurudumu, mbali na tangi na paipu za breki. Pakibana, nunua bomba bapa la kiwandani. Fundi akishika nyundo abonde la duara, ondoa gari yako.

Na vipimo vichukuliwe gari imekanyaga chini, watu wawili wamekaa siti ya nyuma. Ikiwa juu ya jeki magurudumu yananing'inia na nafasi inaonekana tele. Ikishuka, mkono unapanda na kugota kwenye bomba.

Sasa hilo la kuchomelea, ambalo nimechoka nalo. Mteja anaingia chini ya gari, analishika bomba, analitikisa, linacheza. Anasema kazi mbovu hii. Fundi naye, badala ya kumwelimisha, anachukua elektrodi na kulifunga kwenye bodi. Wote wawili wanaondoka wameridhika!

Ekzosi lazima icheze. Bomba la chuma cha pua la mita mbili, joto likipanda nyuzi 300 za Selsiasi, linarefuka kiasi cha milimita kumi. Hapo bado injini yenyewe inajipinda kila unapokanyaga mafuta. Ukiwa umelifunga ncha zote mbili, hizo milimita kumi ziende wapi? Zinapasua pale penye weldi, na chumvi ya bahari yetu inamalizia. Weka fleksi, kipande cha bomba kinachopinda, kila upande baada ya manifoldi inayokusanya moshi wa silinda, nyuma ning'iniza kwa raba zake, na pande zote acha nafasi ya vidole viwili.

Nasema haya kwa wenye daladala na gari za familia pia, wanaofunga ekzosi kwa waya wa nondo, au wanaosikia mlio mdogo chini ya sakafu na kuongeza sauti ya redio. Moshi unaovuja hapo una kaboni monoksidi, haina harufu wala rangi. Dirisha wazi si dawa, mara nyingine ndilo linaloivuta ndani. Mtoto aliyelala siti ya nyuma hatasema kichwa kinamuuma. Na anayekwambia ziba kwa gundi ya chuma, muulize kama atawapakia wanawe.

Kujua kama inavuja hakuhitaji mashine. Gari ipoe kabisa, iwe uwanjani, iwashwe. Mtu azibe matundu ya nyuma kwa kitambaa kibichi sekunde chache, wewe usikilize, kisha paka maji ya sabuni kwenye maungio uone povu. Ikibidi kuchomelea, ichomolewe kwanza waya hasi ya betri, na karibu na tangi asichomelee mtu. Wanapenda kusema tangi ni tupu. Tangi tupu limejaa mvuke wa mafuta, na mvuke ndio unaolipuka.