Re: Simu kuzima Kibo ikiwa na chaji 40%

Mkuu, simu yako ni nzima. Kibo Hut, kambi ya mwisho kabla ya kilele cha Kilimanjaro kwa njia ya Marangu, iko kama mita 4,720, na kilichoizima ni baridi. Betri ya lithiamu ikipoa sana inashindwa kutoa umeme wa kutosha, simu inadhani chaji imeisha. Ipashe joto kwapani kisha iwashe, ile 40% utaikuta, au karibu yake.

Mimi hulala na simu na pawabenki ndani ya begi la kulalia, zikiwa kwenye soksi. Usiku wa kwenda kileleni inakaa mfuko wa ndani kabisa, data imezimwa. Ila usiichaji ikiwa imepoa chini ya nyuzi 0, hapo ndipo betri inakufa kweli. Paneli ya sola ya begani achana nayo, mawingu ya kule msituni yatakucheka.